Istilahi za Moto: Kutoka Nyumba ya Tembe ya Singida hadi Dari ya Plastiki

Mfasiri anayekabidhiwa karatasi ya maelezo ya bidhaa ya ujenzi aghalabu hutumia saa nyingi kutafuta majina ya kemikali, na dakika chache tu kuzipitia sifa za bidhaa yenyewe. Jina la kemikali ni geni, kwa hiyo humtoa jasho. Sifa, mathalani kwamba bidhaa "haishiki moto", imeandikwa kwa maneno ya kila siku, naye huipita upesi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba uangalifu huo umegawanywa kinyume. Jina la kemikali likikosewa, mkemia atalisahihisha na mambo yatakwisha. Sifa ya moto ikikosewa, huingia katika hati ya zabuni, kutoka hapo ikaingia katika dari ya bweni au ya zahanati, na hakuna atakayeigundua mpaka siku ya ajali.

Tutaanzia Singida, kwa kuwa huko watu walijenga nyumba kwa kuufikiria moto muda mrefu kabla ya plastiki kuvumbuliwa.

Nyumba ya tembe inajulikana katika nyanda zote za kati za Tanzania: kwa Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida, kwa Wagogo wa Dodoma na wa upande wa Manyoni, na kwa majirani zao. Ni nyumba ya umbo la mstatili, fupi kwa kimo, yenye paa la bapa. Nguzo zenye panda husimamishwa, boriti hulazwa juu ya panda hizo, juu ya boriti hupangwa fito na matawi au mabua, kisha yote hufunikwa kwa udongo ulioshindiliwa. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita katika sehemu za kusini za mkoa huu wa leo, na wageni walioifuata waliziona nyumba hizo. Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857, na Henry Stanley, aliyepita mwaka 1871, wote wawili walizieleza katika vitabu vyao, ingawa kwa dharau ile tuliyoizoea katika vitabu vya aina hiyo.

Sababu za kujenga hivyo zilikuwa zaidi ya moja. Mvua za huko ni chache, hivyo paa la bapa haliletei mwenyewe hasara ambayo lingemletea mtu wa Bukoba au wa Tanga. Lakini maelezo yanayosikika mara kwa mara yanahusu vita. Katika nchi iliyokuwa ikivamiwa kwa ajili ya ng'ombe, nyumba ya nyasi ilikuwa udhaifu mkubwa. Kijinga kimoja cha moto kilichorushwa usiku kilitosha kuwatoa watu nje na kuiacha mifugo mikononi mwa wavamizi. Udongo haukubali kijinga. Mvamizi angeweza kurusha moto juu ya paa la tembe mpaka achoke, na moto ungezima palepale ulipoanguka, kwa kuwa ungekosa chakula.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, maana ndani ya mfano huu mna somo zima la istilahi. Je, ni kweli kwamba "tembe haiungui"? Kwa moto utokao nje na juu, ni kweli. Kwa moto uanzao ndani, si kweli hata kidogo. Chini ya ule udongo mna boriti, fito na mabua makavu yaliyokaushwa na moshi wa mafiga kwa miaka mingi. Moto ukishika humo, nguzo huungua, na paa zito la udongo huwaangukia waliomo. Kwa hiyo ukweli wa neno "haiungui" hautegemei nyumba peke yake. Unategemea pia moto gani, umetoka wapi, una ukubwa gani, na umekaa kwa muda gani. Mjenzi wa tembe alilijua hilo kwa vitendo, na ndiyo maana alichagua kwa uangalifu mahali pa kuwekea mafiga. Mwandishi wa tangazo la biashara hulisahau, au hujifanya amelisahau.

Kiswahili chenyewe kina utajiri wa kutosha wa kutenganisha mambo haya, na ni ajabu kwamba tunapofasiri tunautupa. Kuwaka ni kutoa mwali au nuru. Kuungua ni kuharibiwa na moto au joto, uwe mwali umeonekana au haukuonekana. Wali huungua chunguni wala hauwaki. Kuteketea ni kuungua mpaka kwisha. Kufuka ni kutoa moshi. Kushika moto ni ule mwanzo, wakati kitu kinapoupokea moto kutoka kwa kitu kingine na kuendelea nao. Moto ukisafiri juu ya uso wa kitu, watu wetu husema unatambaa, na moto wa mbugani wakati wa kiangazi umewafundisha wakulima wa Iramba na Manyoni maana ya neno hilo kuliko kamusi yoyote. Pana pia kuenea, lakini kuenea ni kupana zaidi: moto huenea kutoka nyumba hadi nyumba, hata kwa cheche zinazoruka, bali hutambaa juu ya kitu kimoja kwa kukigusa.

Sasa nyumba za Singida zimebadilika. Mabati yalianza kuonekana katika majengo ya serikali, ya misheni na ya wafanyabiashara wakati wa ukoloni, kisha yakaenea taratibu. Wakati wa uhamishaji mkubwa wa watu kwenda katika vijiji, hasa mwaka 1974, kaya zilizokuwa zimetawanyika ziliwekwa karibu karibu kwa mistari, na viongozi wakahimiza nyumba bora, neno ambalo kwa wengi lilikuwa na maana ya tofali na bati. Tembe ikaonekana kuwa alama ya unyonge. Hatusemi kwamba watu walikosea kuiacha, kwani ilikuwa na giza, na mifugo ililala humo pamoja na watu. Lakini bati likipigwa na jua la Singida huifanya nyumba kuwa tanuri, na mwenye uwezo hutafuta dari. Zamani dari ilikuwa ya mbao au ya ubao laini. Siku hizi, madukani mjini Singida kama kwingineko nchini, pana dari za plastiki ya PVC, nyepesi, zenye kung'aa, zinazooshwa kwa kitambaa. Sakafuni mna zulia la plastiki, kitandani godoro la sponji, na sponji nayo ni povu la plastiki. Mtu aliyetoka katika tembe akaingia katika nyumba bora ameondoka chini ya kitu kisichopitisha mwali na kulala chini ya kitu chenye tabia nyingine kabisa.

Plastiki hizo zilikuja na maneno yake. Maneno hayo hayakutungwa Singida wala Dar es Salaam. Yalitungwa katika maabara na ofisi za nchi za viwanda, na mfasiri wetu aliyakuta yameshabandikwa juu ya bidhaa. Ili tujue yana maana gani, hatuna budi kufuata asili yake huko yalikozaliwa.

Usiku wa tarehe 28 Novemba 1942 ukumbi wa starehe uitwao Cocoanut Grove, mjini Boston, Marekani, uliungua na watu 492 wakafa. Mapambo ya dari na kuta yaliaminiwa kuwa yametiwa dawa dhidi ya moto. Katika miaka hiyohiyo mhandisi Albert Steiner, wa maabara ya Underwriters Laboratories, alikuwa akiunda chombo cha kupimia jinsi mwali unavyotambaa juu ya vitu vya kujengea. Chombo chenyewe ni handaki la urefu wa mita 7.6 hivi. Kitu kinachopimwa hufungwa juu, mahali pa dari, upana wake ukiwa nusu mita. Moto wa gesi huwashwa upande mmoja, hewa hupitishwa kwa mwendo maalumu, na mtazamaji hufuata kwa macho, kupitia madirisha ya kando, mwali unavyosonga mbele kwa muda wa dakika 10. Mbao za mwaloni mwekundu, ambazo mwali wake hufika mwisho baada ya dakika 5 na nusu hivi, zilipewa kipimo cha 100. Ubao wa saruji ya asbesto ulipewa sifuri. Vitu vingine vyote vikapangwa kwa kulinganishwa na viwili hivyo. Mwaka 1950 Jumuiya ya Kimarekani ya Majaribio na Vifaa, ijulikanayo kwa herufi ASTM, ilikichapisha kipimo hicho, na mpaka leo kinatumika.

Tazama jinsi kipimo hicho kilivyo cha kawaida na chenye unyenyekevu. Hakisemi kitu kinaungua au hakiungui. Kinasema tu kwamba katika handaki hili, kwa hewa hii na moto huu, mwali ulitambaa umbali fulani kwa muda fulani. Kwa mbao na ubao wa nyuzinyuzi kilitoa matokeo ya maana. Kwa plastiki kilileta tatizo ambalo halikutazamiwa. Plastiki nyingi huyeyuka kabla ya kuwaka vizuri. Ikiwa imefungwa juu ya handaki, huyeyuka, hudondoka sakafuni, nayo huendelea kuungua huko chini wakati dari imebaki tupu. Mwali wa juu hukosa chakula na kusimama, na kitu hicho hupata namba ndogo, yaani sifa njema. Povu la plastiki nalo, lenye uzito mdogo na lisilopitisha joto, liliweza kupata namba ndogo handakini lakini likawasha chumba kizima kwa dakika chache lilipobandikwa kwenye pembe ya kuta halisi.

Palikuwa na kipimo kingine kidogo zaidi, kilichotumiwa kwa mapovu hayo. Kipande cha urefu wa sentimeta 15 hivi kililazwa, kikawashwa upande mmoja, kisha moto ukaondolewa. Mwali ukizima kabla ya kufika alama iliyowekwa, povu hilo liliitwa kwa Kiingereza neno lenye maana ya "hujizima lenyewe". Mapovu mengine yalitangazwa kuwa "hayaungui". Wasanifu majengo, wakaguzi na wanunuzi walilisoma neno hilo kama lilivyo. Nani angelisoma vinginevyo? Kitu kinachojizima chenyewe ni kitu ambacho mtu anaweza kulala karibu nacho bila hofu.

Mwaka 1973 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilifungua mashtaka dhidi ya jumuiya ya wenye viwanda vya plastiki, dhidi ya ASTM yenyewe, na dhidi ya makampuni zaidi ya 20. Hoja yake, kwa maneno yetu, ilikuwa hii: neno lililozaliwa katika jaribio dogo la maabara limeuzwa kana kwamba ni ahadi juu ya moto halisi. Mwaka 1974 yalifikiwa makubaliano. Maneno hayo yakaachwa katika matangazo ya mapovu hayo, wanunuzi wakaarifiwa, na viwanda vikatoa dola milioni 5 kwa utafiti wa miaka mitano. Vipimo vya ASTM navyo vikaongezewa onyo kwamba matokeo yake yasitumiwe kueleza hatari ya moto katika mazingira halisi.

Sisi tunaoshughulika na istilahi hatuna budi kuitazama kesi hiyo kwa makini kuliko wanasheria. Hapakuwa na mtu aliyedai kwamba jaribio lilifanywa kwa udanganyifu. Kipande kilijizima kweli. Kosa lilikuwa katika hatua moja tu, ile ya kuligeuza tokeo kuwa sifa: badala ya kusema "kilijizima katika jaribio hili", likasemwa "ni kitu chenye kujizima". Kwa sarufi ya Kiswahili tungesema kwamba walihama kutoka -li- kwenda hu-.

Mwaka huohuo wa 1973, tarehe 2 Agosti, jengo la burudani liitwalo Summerland, katika mji wa Douglas, Kisiwa cha Man, liliungua na watu 50 wakafa. Sehemu kubwa ya kuta na paa lake ilikuwa ya plastiki angavu ya akriliki. Wala si habari za zamani peke yake. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la ghorofa la Grenfell Tower, mjini London, liliwaka kwa nje kutoka chini hadi juu, na watu 72 wakapoteza maisha. Kuta zake zilikuwa zimefunikwa kwa bamba za alumini zenye plastiki ya polietilini katikati. Uingereza ilikuwa na daraja lake la uso wa vitu vya ujenzi lililoitwa Daraja la 0. Daraja hilo halikuwa tokeo la jaribio moja. Lilikuwa mchanganyiko wa matokeo ya vipimo viwili, na lilihusu uso tu. Hata hivyo wengi katika biashara ya ujenzi walilitumia kana kwamba sifuri hiyo ni kipimo cha hatari iliyomo katika bamba zima. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake ya mwisho mwezi Septemba 2024, na ililaumu vikali jinsi madaraja hayo yalivyoruhusiwa kuendelea. Mwezi Machi 2025 madaraja hayo ya kitaifa ya tabia ya vitu mbele ya moto yaliondolewa katika mwongozo rasmi wa ujenzi wa England. Sifuri nayo ni neno, na neno lisilotaja jaribio lake laweza kuua hata likiwa tarakimu.

Turudi nyumbani. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na Shirika la Viwango Tanzania mwaka 1975. La kwanza lina kazi ya kutunza neno, la pili lina kazi ya kutunza kipimo, na katika jambo la moto kazi hizo mbili haziwezi kuachana. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ilipitishwa mwaka 2007. Shirika la Viwango la Kimataifa nalo limekuwa na msamiati wake wa usalama wa moto, unaojulikana kwa namba 13943, tangu mwaka 2000, na umefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Mfasiri wa Kiswahili hafanyi kazi gizani, basi. Anachohitaji ni kuzipa dhana zile maneno yasiyoahidi zaidi ya yanayojua.

Dhana ya kwanza ya kutenganishwa ni ya ukuta na ya kitu. Ukuta au mlango hupimwa kwa muda unaoweza kuzuia moto usipite upande wa pili: dakika 30, 60 au 120. Hiyo twaweza kuiita ustahimilivu wa moto, na namba ya dakika haina budi kuandamana nayo. Kitu chenyewe, kiwe ubao, rangi au plastiki, hupimwa kwa namna kinavyoupokea moto na kuuchangia. Hiyo tungeiita mwitikio kwa moto. Hati zetu nyingi huziweka dhana hizi mbili chini ya neno moja, "kuzuia moto", na matokeo yake ni kwamba dari ya plastiki na mlango wa chuma husifiwa kwa sifa ileile.

Kwa kile kinachopimwa handakini tunapendekeza mtambao wa miali. Wako watakaopenda "ueneaji wa moto", nasi tumekwisha kueleza kwa nini halifai: kuenea hakusemi kama moto umepita juu ya kitu au umeruka juu yake. Wengine watalalamika kwamba mwali ni pia msichana aliyevunja ungo. Ni kweli, lakini wingi wa huyo ni wali, na muktadha haujawahi kumchanganya mtu yeyote. Faida ya kutambaa ni kwamba mkulima, fundi na mwalimu wanaliona neno hilo kwa macho kabla hawajaelezwa.

Dawa zinazotiwa katika plastiki na mbao ili zisiwake upesi huitwa mara nyingi dawa za kuzuia moto. Neno hilo lina ahadi kubwa mno. Dawa hizo huchelewesha, hazizuii. Kichelewesha moto si neno zuri sana masikioni, lakini ni la kweli, na katika uwanja huu ukweli ni bora kuliko uzuri. Ama "isiyoshika moto" na "isiyoungua", tungependa yaachiwe udongo, mawe, saruji na vitu vya namna hiyo.

Dari ya PVC ni mfano mzuri wa ugumu huu. Zaidi ya nusu ya uzito wa plastiki ya PVC ni klorini, na kwa sababu hiyo haishiki moto kwa wepesi, na mara nyingi mwali huzima ukiondoa chanzo. Mwuzaji anayesema kwamba dari yake ni ngumu kuwaka hasemi uongo. Lakini ikilazimishwa na moto mwingine, tuseme wa godoro la sponji lililoko chini yake, huyeyuka, hufuka moshi mzito, na hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni inayochoma macho na mapafu. Kipimo cha mtambao wa miali hakimwambii mnunuzi neno lolote juu ya sumu ya moshi huo. Tangu bweni la shule ya sekondari ya wasichana ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, lilipoungua mwezi Juni 1994 na kuwaua wanafunzi 42, hakuna mtumishi wa umma anayeweza kudai kwamba maswali ya vitu vilivyomo ndani ya bweni ni ya wazungu na maabara zao.

Tuchukue basi kifungu cha zabuni cha kufikirika, cha dari ya bweni katika wilaya ya Ikungi au Mkalama. Kikisema "dari iwe isiyoshika moto", mwuzaji yeyote ataleta chochote na kuapa kwamba kinatosha. Kikisema "dari iwe na kipimo cha mtambao wa miali kisichozidi 25 kwa jaribio la handaki", kimetaja daraja la juu la kipimo cha Marekani, na mwuzaji atalazimika kuleta cheti. Kifungu hicho hata hivyo kingali na pengo, lile la plastiki inayodondoka na kupata namba njema kwa kuikimbia dari. Mpangilio wa Ulaya umeliziba kwa kuongeza alama mbili za pekee, moja ya moshi na nyingine ya matone, kila moja ikianzia pazuri na kwenda pabaya. Kwa alama ya pili tunapendekeza matone yawakayo, wala si "matone ya plastiki", kwa kuwa si kila tone huwaka, na linaloulizwa ni lile linaloanguka kitandani likiwa na mwali wake.